Meza Iko Namna Gani?

Tarehe 8 Juni 2024, mjini Jeddah, Saudi Arabia, wanaume wawili walicheza fainali ya ubingwa wa dunia wa biliadi ya mipira 9. Mmoja alikuwa Fedor Gorst, mzaliwa wa Moscow ambaye siku hizi hucheza chini ya bendera ya Marekani. Wa pili alikuwa Eklent Kaçi, kijana wa Albania. Wachezaji 128 walikuwa wameanza mashindano siku tano nyuma, wakabaki hao wawili. Sheria ilisema kwamba atakayetangulia kufikisha michezo 15 ndiye bingwa, na mshindi atapewa dola 250,000 kati ya dola 1,000,000 zilizotengwa kwa mashindano yote. Walifika 14 kwa 14. Mchezo mmoja tu ukabaki kuamua kila kitu.

Mimi nilifuata fainali hiyo nikiwa Lubumbashi, kwa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, pamoja na baba mdogo wangu ambaye macho yake yanamwacha. Ninaandika kuhusu fainali hiyo katika gazeti la kitivo cha lugha kwa sababu jambo nililojifunza si la michezo. Ni la lugha, na linahusu namna tunavyopima lugha yetu hapa kitivoni.

Kwanza nieleze mchezo, maana wengi wetu tunaujua kwa kuupita barazani mwa baa. Katika mipira 9, meza ina mashimo sita, mipira tisa yenye namba, na mpira mweupe ambao ndio peke yake unaopigwa kwa fimbo. Kila zamu, nyeupe lazima iguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Si lazima mipira iingie kwa mfuatano. Anayeingiza mpira wa 9 kwa njia halali ndiye anayeshinda mchezo huo, hata kama hakuingiza mwingine wowote kabla ya hapo. Mtu anaweza kufanya kazi yote, akaingiza mipira minane, kisha akakosa wa mwisho, na mwenzake akanyanyuka kitini kuchukua mchezo kwa pigo moja.

Kuna silaha nyingine ambayo mtazamaji mgeni haioni upesi. Mchezaji asiyeona njia ya kuingiza mpira anaweza kuiacha nyeupe nyuma ya mpira mwingine, ili mpinzani asiweze kuufikia moja kwa moja mpira anaotakiwa kuugusa. Mpinzani akishindwa kuugusa, ni kosa, na mwenzake anapewa nyeupe mkononi, aiweke popote anapotaka. Kwa hiyo nusu ya mchezo huu ni kuficha. Na yote hufanyika mbele ya saa. Katika mashindano haya makubwa mchezaji hupewa sekunde 30 kwa kila pigo, na katika kila mchezo anaruhusiwa kuomba nyongeza mara moja.

Ni mchezo wa kimya. Katika kabumbu, hata ukifumba macho, umati wa watu unakuambia mpira uko wapi. Katika biliadi watu hunyamaza wakati ule ule ambao jambo kubwa linataka kutokea. Anayetegemea masikio anabaki na mlio wa mpira, kimya, mlio mwingine, kisha makofi, asijue ni nini kilichopigiwa makofi.

Baba mdogo aliijua meza ya biyari kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ninasema biyari kwa sababu yeye ndivyo anavyosema, kwa kufuata sikio la Kifaransa. Miaka ya tisini alikuwa mlinzi wa meza katika baa moja ya komini ya Kenya. Aliishi kwa meza ile. Alipokea pesa za kila mchezo, alibadilisha kitambaa kilipotoboka, na mvua ilipolainisha udongo wa baraza alikunja katoni na kuitia chini ya mguu mmoja mpaka meza isimame sawa. Alipima usawa wake kwa kuviringisha mpira taratibu kutoka pembe hadi pembe na kuutazama ukipinda. Hakuwa na chombo kingine zaidi ya jicho lake.

Sasa jicho hilo lina glakoma. Wasioujua ugonjwa huo hudhani kwamba mgonjwa anaona giza mara moja. Kwa kawaida haiji hivyo. Shinikizo ndani ya jicho huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mtu huanza kupoteza kando za uono wake polepole, bila maumivu, mpaka anabaki kama mtu anayechungulia katika tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone hulinda kilichobaki. Baba mdogo alipokubali kwenda kupimwa, kando zilikuwa zimekwisha kwenda. Mwaka 2024 alikuwa akiona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikimwonyesha simu, aliweza kuona mpira mmoja, akitafuta vizuri. Hakuweza kuona meza.

Huo ndio msiba wa mtu wa biyari. Kwa sababu mpira mmoja si kitu. Mpira mmoja ni rangi tu. Mchezo uko katika nafasi kati ya mipira: huu unazuia ule, huu uko karibu na shimo, nyeupe ikipita hapa itasimama pale. Nilipomwambia kwamba ubingwa wa dunia unaonyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti na kwamba tunaweza kuufuata pamoja, alicheka kidogo akasema: « Mimi nitaangalia nini, mwana? Weye njo utaangalia. Mimi nitasikia. »

Basi nikawa mtangazaji wake.

Intaneti ilikuwa na masharti yake. Picha ya moja kwa moja haitiririki kama maji ya mto, ingawa tunasema hivyo. Hukatwa vipande vifupi vya sekunde chache chache, na kila kipande hutayarishwa kwa ukubwa mbalimbali. Simu hupima nguvu ya mtandao, kisha huomba kipande kinachoweza kupita. Mtandao ukiwa dhaifu, simu huomba kipande kidogo zaidi, na picha inakuwa ya ukungu. Mimi mwenyewe nilichagua picha ndogo kuliko zote ili mega zangu zifike mwisho wa juma, maana pesa ya mega ilitoka katika pesa ya kutoa kopi za masomo. Katika picha hiyo, namba juu ya mipira hazisomeki kabisa. Rangi zinakaribiana. Mipira miwili inayogusana inaonekana kama kitu kimoja kirefu.

Tena kila tunachokiona kimechelewa. Kutoka kamera ya Jeddah hadi simu ya Lubumbashi kuna kukata, kubana, kutuma, na kungoja, na kwa kawaida muda huo unaweza kufika sekunde nyingi. Mchezaji niliyemwona akiinama juu ya fimbo alikuwa amekwisha kupiga na kurudi kukaa. Tutakiita moja kwa moja, lakini ni jana ndogo.

Usiku wa kwanza nilianza kutangaza kwa Kiswahili ninachoandikia mitihani. Nilisema: « Mchezaji anaugonga mpira wa tatu. Mpira unaingia katika shimo la kati. Sasa analenga mpira wa nne. » Niliendelea hivyo kwa dakika kadhaa, sentensi zangu zikiwa zimenyooka. Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: « Usinihesabie namba, mwana. Niambie meza iko namna gani. »

Nilimwuliza anataka nijue nini hasa. Akaniuliza maswali matatu, na tangu siku ile aliyarudia kabla ya kila pigo. Nyeupe iko wapi? Ile anatafuta, iko mu shimo, iko pa mulango, ao iko ku bandi? Katikati yao kuna nani?

Bandi ni ule ukingo wa mpira unaozunguka meza. Neno ni la Kifaransa, lakini kinywani mwa baba mdogo limekwisha kuwa mwenyeji. Lakini si neno hilo lililonishtua. Ni yale maneno matatu madogo yaliyotangulia: mu, pa, ku.

Sisi tunaosoma isimu tunalijua jambo hili kwenye karatasi. Lugha nyingi za Kibantu zina ngeli tatu za mahali: moja ya ndani, moja ya mahali maalumu au pa juu ya kitu, moja ya upande au mahali pasipo mpaka. Kiswahili sanifu kimeziacha kwenye jina lenyewe. Tunasema shimoni, mlangoni, ukutani, kwa kiambishi kile kile cha -ni, na tofauti tunaiweka katika upatanisho tu: shimoni mwake, mlangoni pake, ukutani kwake, umo, upo, uko. Anayejua sanifu vizuri anaweza kuonyesha tofauti zote. Lakini lazima aiweke baadaye, katika neno linalofuata, na katika maneno ya kila siku mara nyingi hatuiweki kabisa.

Kiswahili cha Lubumbashi huiweka mbele. Mu nyumba, ku nyumba, pa nyumba. Kabla hujasikia jina la kitu, umekwisha kuambiwa ni uhusiano gani. Kwa mtu asiyeona meza, hiyo ndiyo habari yenyewe. « Iko mu » — mpira umekwisha kwenda, usiufikirie tena. « Iko pa » — uko mlangoni, pumzi tu inaweza kuuingiza. « Iko ku » — umelala upande, fimbo itapata taabu. Nilipoanza kutangaza kwa njia hiyo, baba mdogo aliacha kuniuliza mara mbili. Aliweka kiganja chake juu ya goti, akawa anagusa kwa kidole: hapa, hapa, na hapa. Alikuwa anaijenga meza.

Hiki ndicho Kiswahili ambacho mwalimu mmoja wa shule ya sekondari alitufundisha kukionea haya. Alisema hakina sarufi. Ninajua kwamba waliofika katika kitivo hiki wengi wamesikia maneno kama hayo, na kwamba hata hapa, mtu akisema « ku masomo » katika mjadala, watu hucheka. Tunajua pia kwamba mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu huu, na kwamba wasomi wa nchi za mbali wamekaa na maandishi yale wakiyachambua mstari kwa mstari. Lakini kujua jambo darasani ni tofauti na kulihitaji saa tatu usiku, mzee anapokungoja umwambie mpira uko wapi na sekunde 30 zinakwisha.

Jambo la pili lilikuwa la nyakati. Nilikuwa nasema « anapiga », kwa maana ya sanifu: kitendo kiko njiani. Baba mdogo alikuwa anauliza mara moja: « Unaingia? » Mimi nikawa namjibu kwamba bado hajapiga. Tukapotezana hivyo mara kadhaa mpaka nikaelewa. Katika Kiswahili chake, « anapiga » ni mtu aliyekwisha kupiga sasa hivi. Akitaka kusema kwamba kitendo kinaendelea, atasema « eko napiga ». Na aliponiuliza « unaingia? », alikuwa anauliza: umeingia?

Tulicheka wote wawili. Lakini baadaye nilipolala niliendelea kulifikiri. Yule mchezaji ninayemwona ameinama, kweli alikuwa amekwisha kupiga, kule Jeddah, sekunde nyingi zilizopita. Sanifu yangu ilikuwa inafuata kioo cha simu. Sarufi ya baba mdogo, bila kujua lolote juu ya vipande na kuchelewa, ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli. Sitaki kulifanya kuwa fundisho kubwa. Ni bahati tu ya namna maneno yalivyokutana na mashine. Lakini ni bahati iliyonifundisha kuuliza kwanza kabla ya kusahihisha.

Msomaji asidhani kwamba ninataka kuitupa sanifu. Kuna mahali ilinisaidia ambapo lugha ya nyumbani ilichoka. Nikisema nyeupe, ninatumia i-. Nikisema mpira, ninatumia u-. Basi sentensi fupi kama « imeugonga, ukaingia » inasema yote: nyeupe ndiyo iliyogonga, mpira ndio ulioingia. Na « imeugonga, ikaingia » ni msiba: nyeupe yenyewe imetumbukia, na hilo ni kosa. Sauti moja tu, u au i, inatenganisha furaha na hasara. Katika maneno ya mtaani mara nyingi upatanisho huo umelegea, na baba mdogo mwenyewe alikuwa akinikatiza: « Inaingia nani? » Nilipomweleza jinsi ya kusikiliza ile u na ile i, aliishika siku ile ile. Mzee wa miaka sitini na zaidi, aliyeacha shule mapema, alijifunza ngeli kwa sababu alikuwa na kazi ya kuzipa.

Na vitenzi vyetu, vya Kiswahili chochote, vilifanya kazi ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nimeogopa kwamba biliadi itanishinda kwa sababu sina istilahi. Niliandaa hata karatasi ya maneno. Nilikuwa nimeandika « tufe » kwa sababu kamusi inalijua. Baba mdogo aliuliza: « Tufe njo nini? » Nikaikunja karatasi. Kilichotangaza mchezo hakikuwa majina, kilikuwa vitenzi. Gonga. Nyeupe inagonga, mipira inagongana, mmoja unagongeshwa bandi, mwingine hauwezi kugongeka kwa sababu umefichwa. Ficha, fichwa, fichia, fichama. Rudi na rudisha, kwa nyeupe inayorudi nyuma baada ya kugonga. Fuata na fuatisha, kwa ile inayoendelea mbele. Kwa mzizi mmoja na viambishi vichache niliweza kusema nani amefanya, nani amefanyiwa, kwa kukusudia au kwa bahati, peke yake au kwa kushirikiana. Pigo moja la biliadi ni mnyororo wa visababishi. Lugha yetu ina mnyororo kama huo ndani ya kitenzi.

Katikati ya juma mtandao ulikufa usiku mzima. Ili tusikae bure, nilimwekea video niliyokuwa nimehifadhi ya Efren Reyes, Mfilipino ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji mkubwa kuliko wote, bingwa wa dunia wa mwaka 1999 kule Cardiff. Ilikuwa sehemu ya mechi yake ya mwaka 1996 mjini Hong Kong dhidi ya Earl Strickland, mechi iliyochezwa hadi michezo 120, na Reyes akashinda 120 kwa 117. Nilidhani baba mdogo atafurahi. Alisikiliza kidogo akauliza ni lini. Nilipomjibu, alisema: « Ule muntu alikwisha kushinda zamani. Unanisumbulia nini? »

Hapo nikaelewa anachokitaka. Hakutaka kusimuliwa mchezo mzuri. Alitaka kukaa mahali ambapo jambo halijaamuliwa, pamoja na watu wengine wanaongoja, hata kama wako Jeddah, Manila au Tirana. Tangu macho yalipoanza kumwacha, watu walikuwa wanamletea mambo yaliyokwisha: fulani ameoa, fulani amefariki, bei imepanda. Katika matangazo ya moja kwa moja alikuwa sawa na sisi wote. Hakuna aliyejua. Yeye aliweza kubashiri, na alibashiri vizuri. Nikimpa meza kwa ukamilifu, aliniambia pigo linalofuata kabla mchezaji hajainama: « Ataficha. » Na kweli, yule mtu akaficha. Wiki nzima sikumsikia akilalamika juu ya macho.

Fainali ilifika siku ya Jumamosi. Saa zetu ziko nyuma ya Jeddah kwa saa moja, hivyo jioni yao ni jioni yetu. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na simu ilikuwa na robo ya betri. Tulikaa nje. Majirani wawili walikuja na viti vyao kwa sababu walisikia makelele yetu ya siku zilizopita, na mtoto wa mmoja wao, mvulana wa miaka kumi na mbili, alikaa chini karibu na mguu wa baba mdogo.

Sitausimulia mchezo wote. Nilitangaza mpaka koo likakauka. Majirani walikuwa upande wa Kaçi kwa sababu Albania ni nchi ndogo na walipenda kuona mdogo akimshika mkubwa, maana Gorst alikwisha kuwa bingwa wa dunia mwaka 2019 kule Doha, akiwa na miaka 19 tu. Baba mdogo hakuwa upande wa mtu. Alikuwa upande wa meza. Mtu akiiacha nyeupe mahali pazuri, alisema « njo vile », awe ni yule wa Marekani au yule wa Albania.

Walipofika 14 kwa 14, picha ilisimama. Sauti iliendelea, ikikatika na kurudi. Kwenye kioo mchezaji alibaki ameganda, mkono umenyooshwa, na nyuma yake tulisikia ukumbi wa Jeddah ukinyamaza. Nilijaribu kufungua upya. Baba mdogo akanishika mkono: « Acha. Utatukatisha na sauti. »

Tukawa wote vipofu. Na katika upofu huo yeye ndiye aliyekuwa na ujuzi. Tulisikia mlio mkubwa wa kupasua, kisha mivumo ya mipira ikitawanyika na kutulia. Alisema kwa sauti ya chini kile alichosikia: huu ni mgongano wa karibu, huu ulikuwa wa mbali, hapa amepiga pole, anatengeneza njia, hapa mpira umeingia katikati ya shimo bila kugusa pembe. Sisi wenye macho tulikuwa tunamtazama yeye kana kwamba uso wake ndio kioo. Sijui kama yote aliyoyasema yalikuwa sawa na yaliyotokea. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na njia ya kumpima. Lakini makofi makubwa yalipokuja, alikuwa ameinua mkono kidogo kabla yake.

Picha iliporudi, Gorst alikuwa amekwisha kuwa bingwa, 15 kwa 14. Betri ilikwisha baada ya dakika chache. Majirani walibeba viti vyao. Mmoja wao, katika kuaga, alimwita baba mdogo kwa jina alilokuwa nalo zamani kule baa. Sikuwahi kulisikia jina hilo kabla ya usiku ule, na yeye aliliitikia kama lilitamkwa jana.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kuhusu kazi yetu hapa. Tuna mazoea ya kusema kwamba Kiswahili kinakosa maneno ya sayansi, ya sheria, ya michezo ya kisasa, na dawa tunayoitoa ni orodha. Orodha ni kitu chema. Siku moja nami nitaandika moja. Lakini wiki ile ilinionyesha mpango mwingine wa kazi. Mtafute mtu anayehitaji kuambiwa jambo. Mwambie. Sikiliza mahali anapokukatiza. Pale anapokukatiza ndipo lugha inapoonyesha ina nini na inakosa nini. Baba mdogo alinikatiza katika namba, katika nyakati na katika « tufe ». Hakunikatiza hata mara moja katika mu, pa na ku.

Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu, na sisi tunakisoma kana kwamba kimeletwa kwetu kutoka pwani kikiwa kimekamilika, nasi kazi yetu ni kukitunza kisivunjike. Kwa miaka mingi kimeishi hapa pamoja na lugha nyingine za Kibantu, na katika kuishi huko kimechukua, kimeacha, na kimehifadhi. Sipendekezi tuandike mitihani kwa Kiswahili cha baraza la baa. Ninapendekeza tuache kukiita kibovu kabla hatujakipa kazi ngumu tuone kama kitashindwa.

Mwezi wa Julai 2025 ubingwa ulichezwa tena Jeddah. Gorst alifika fainali tena, safari hii akashindwa na Mfilipino Carlo Biado, 15 kwa 13, ambaye alikuwa bingwa pia mwaka 2017. Wakati huo baba mdogo hakuwa tena akitafuta mpira kwenye kioo. Simu ilikaa mbele yangu tu, naye alikaa mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Nilikuwa na mitihani, na usiku mmoja usingizi ulinishinda katikati ya mechi. Nilipozinduka, simu haikuwa mkononi mwangu. Yule mvulana wa jirani, ambaye hajawahi kushika fimbo ya biyari maishani mwake, alikuwa ameishika kwa mikono miwili karibu na uso.

« Nyeupe iko ku bandi, kambo, » alikuwa anamwambia. « Ya tano iko pa mulango. Katikati hakuna muntu. »

Baba mdogo alikuwa anagusa goti lake kwa kidole. Nikafumba macho tena, nikawaacha waendelee.